Pumzi Tatu za Fundi Sikio

Kulikuwa na fundi mmoja wa kufuli ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa madogo. Upepo ukivuma ilibidi atembee ubavu. Aliitwa Sikio kwa kuwa alifungua kufuli kwa kulisikiliza. Ukimletea kitasa kilichogoma, hakigongi, hakimwagii mafuta, hakitukani. Anakibana kwenye jiliwa, anaingiza waya wake mwembamba, anainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa umbea, anafumba macho. Pini ya kwanza inakaa, ya pili inakaa, hadi ya mwisho. Hapo anaacha. Anashusha pumzi tatu, polepole, kisha ndipo anazungusha. Ukimharakisha anakwambia, "Kufuli nalo lina roho, liache limeze mate." Nalo linafunguka. Husemwa siku moja alipiga chafya akipita nje ya benki, sefu ikafunguka yenyewe, na meneja akamkimbilia barabarani bila viatu kumwomba arudi aifunge.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upana wa mikono miwili, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza ndoo. Funguo ambazo hazijachongwa zilining'inia ukutani kama samaki waliokaushwa, na tupa zake, kubwa kwa ndogo, zilipangwa kwenye kitambaa vizuri kuliko daktari anavyopanga visu. Mke hakuwa naye. Wanawake watatu walijaribu kwa nyakati tofauti, wote wakashindwa kwa jambo moja: ukimweleza neno anainamisha kichwa, anafumba macho, anakusikiliza kana kwamba anatafuta ulipoharibika. Nani ataweza kuishi hivyo?

Aliyekuwa naye ni dada yake. Mama yao alifariki Sikio akiwa na miaka sita na dada kumi na tano, na tangu siku ile dada akawa mama, baba, na fimbo. Alimlea kwa kupiga pasi. Alianza na nguo za jirani, akaishia kuwa na chumba chake mwenyewe chenye meza mbili na kabati la kutundika, na watu wakamwita Dada Pasi. Mikunjo yake ya suruali ilikuwa makali. Karani mmoja alivaa suruali aliyoinyoosha Dada Pasi, akakaa vibaya, ikakata kiti.

Lakini kusimama miaka thelathini si kazi ndogo. Nyonga yake ya kushoto ilianza kuuma kwa siri, kisha kwa sauti, mwishowe ikamla kabisa, akawa anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Hospitali kuu ilikuwa na daktari wa mifupa aliyekuja mara moja kwa mwaka, wiki mbili tu, akiwawekea watu nyonga za chuma. Dada alipoelezwa alicheka hadi akashika ukuta.

"Miaka thelathini nakandamiza chuma juu ya nguo za watu," alisema, "leo chuma kinataka kuingia ndani yangu. Kumbe kilikuwa kinanisubiri."

Chuma hicho hakikuwa cha bei ya kijiko. Wakakubaliana, ndugu wawili juu ya kikombe cha chai: nusu atatoa Dada, nusu atatoa Sikio. Dada alianza kuweka yake. Sikio akaangalia funguo zake za kuning'inia, akahesabu kichwani, akaona kwa mwendo wa kuchonga funguo, dada atapata nyonga akiwa tayari kaburini, na huko hakuna ngazi.

Ndipo kinyozi wa jirani akamfundisha poka ya kwenye simu.

Mchezo wenyewe hauna uchawi. Kila mtu anapewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha nyingine tano zinafunuliwa katikati, za wote. Mwenye karata bora anachukua kilichowekwa mezani. Au mwenye mkwara mkubwa anapandisha dau mpaka wenzake wanaogopa, wanatupa karata zao, naye anachukua bila kuonyesha kitu. Ni kama msiba wa tajiri: anayelia sana si lazima awe mrithi.

Humo simuni mlikuwa na meza za chini na meza za juu, kwa ukubwa wa dau. Sikio alikaa meza ya chini kabisa. Alicheza saa saba mchana hadi saa nane, mabati yanapowaka na wateja wanapokimbilia vivulini, mlango wa kibanda umerudishwa nusu. Mezani walikuwemo watu wa kila namna, kila mmoja kwa jina la kubandika: Mkia wa Ng'ombe, Mjane Tajiri, Baba Usingizi. Yeye, kwa utundu ambao dada yake asingeamini, alijiandika Ufunguo Malaya, ule unaofungua milango yote.

Akawasikiliza kama vitasa. Mkia wa Ng'ombe akipandisha dau haraka ana kitu, akichelewa hana. Mjane Tajiri hatupi karata hata nyumba ikiungua. Baba Usingizi anaamka mara moja kwa wiki, na akiamka, kimbia. Watu wa meza ya chini walikuwa wepesi wa kulipa ili tu waone karata za mwenzao, kama wanaochungulia dirisha la maharusi. Sikio alitulia, akatupa karata mbaya, akangoja nzuri. Zilipokuja alishusha pumzi zake tatu, ndipo akabonyeza. Kidogo kidogo, siku hadi siku, miaka miwili.

Hakuhesabu kwa fedha. Alihesabu kwa nyonga. "Leo umepata nini?" kinyozi angeuliza akipangusa mashine. "Nimepata msumari mmoja." Siku nyingine: "Leo nimepata kichwa cha mfupa chote." Na siku mbaya: "Wamening'oa skrubu." Dada alimwona akikodolea simu, akauliza ni nini hicho, akajibiwa ni mchezo wa picha, wa kupumzisha macho. "Haya," alisema, "yapumzishe, ila usije ukanichongea ufunguo wa jirani."

Nusu ya Sikio ilikuwa imefika robo tatu ya safari yake pale hospitali ilipotangaza kwamba daktari atawahi mwaka huu. Miezi miwili mapema. Majina yaandikwe Ijumaa.

Dada alifika kibandani Alhamisi jioni, akaegemea fremu ya mlango, jasho limemlowesha kitambaa cha kichwa.

"Mdogo wangu, yangu ipo. Yako je?"

Sikio alikuwa na tupa mkononi. Angeweza kusema kweli: imebaki robo. Lakini alimwona alivyoweka mkono juu ya nyonga, kama mtu anayemtuliza mtoto wakati wa hotuba, na neno likamtoka kabla ya kulisikiliza, yeye aliyesikiliza kila kitu.

"Ipo," alisema.

Neno lenyewe herufi tatu, lakini tazama lilivyobeba mzigo. Dada akajiandikisha Ijumaa. Jumamosi akawaita majirani wa uwani, akamsimamisha katikati Mama Pacha, mwanamke wa makamo aliyemsaidia kazi za siku za sikukuu na ambaye mume wake alikuwa ametoka kwenda dukani miaka minne iliyopita na duka halijaisha mpaka leo.

"Mama Pacha," alisema mbele ya watu wote, "mimi nakwenda kuwekwa chuma, na nikitoka daktari hataki nisimame. Mdogo wangu ameniambia nipumzike, na nitapumzika. Chumba chukua. Meza, pasi, kabati, wateja, chukua. Sitaki hata kumi. Nimekukabidhi, na watu hawa ni mashahidi."

Mama Pacha alilia, pacha wake wakalia kwa kuwa mama analia, na muuza ndoo naye akalia, sababu yake hakuna aliyeijua. Sikio alisimama nyuma akipiga makofi na viganja baridi.

Dada akakaa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na tano. Hakujua mikono aiweke wapi. Alikaa dirishani akapiga kelele na shoga yake wa jengo la pili, ghorofa ya nne, mwanamke mnene ambaye naye alikuwa hashuki kwa ajili ya magoti. Miaka sita walikuwa wanazungumza hivyo, mmoja chini, mmoja juu, na mtaa mzima unajua siri zao.

"Subiri niwekewe chuma!" Dada alimpigia ukelele. "Nitapanda ngazi zako zote! Nimechoka kukutukana kutoka chini, nataka nikutukane usoni!"

"Njoo na kiti chako!" shoga akajibu. "Vyangu umeshavivunja kwa maneno!"

Sikio alisikia yote hayo kutoka ndani, akivaa viatu. Akaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

"Meza ya juu dau ni mara ngapi?"

"Mara kumi," alisema kinyozi, bila kuinua macho kwenye kisogo alichokuwa anakichonga. "Na huko hakuna anayecheka."

"Watu ni watu."

"Ndiyo. Hata mimi ni mtu. Nilikaa siku moja tu, nikatoka sina hata nywele za kujinyoa."

"Nimebakiza robo tu, kinyozi. Nina wiki saba."

"Kwani nani kakuhesabia wiki? Mwambie dada yako imebaki robo."

"Nimeshamwambia ipo."

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na kichwa nusu msitu nusu uwanja. "Basi kamwambie tena," alisema kinyozi, "maana neno la kwanza lilikuwa bovu."

Hakwenda kumwambia. Saa saba alirudisha mlango nusu, akapanda meza ya juu na nyonga robo tatu mkononi.

Siku tatu za kwanza, jamani, ilikuwa asali. Alipata misumari, alipata skrubu, siku ya tatu akapata kipande kizima, akatembea kurudi nyumbani kifua mbele, akamnunulia dada yake kiti cha kukunja cha kupumzikia uani. Alijiambia kumbe juu ni kama chini, ila viti ni virefu.

Siku ya nne meza iliingia baridi. Akipata karata nzuri na kupandisha dau, wote wanatupa zao, kama waliosikia mwenye nyumba anapanda ngazi. Anabaki na karata tamu na hakuna wa kumla. Akipiga mkwara, wanamrukia, wanafuata dau mpaka mwisho, wanamvua nguo. Aliwasikiliza, hakusikia kitu. Aliyekuwa mwepesi jana, leo mzito. Aliyekuwa mzito, leo mwepesi. Vitasa vya chini vilikuwa na tabia. Hawa wa juu walikuwa kama kitasa kinachobadili pini zake kila ukichomoa waya.

Mtu mwenye busara angeshuka. Lakini kuna ugonjwa wa mafundi wa kufuli: hawajui kuuacha mlango. Mshonaji akishindwa na kitambaa anasema kitambaa kibovu, ananawa mikono. Mpishi akiunguza anamwaga. Fundi wa kufuli akiondoka mlango haujafunguka, kuna mtu amebaki nje na mizigo yake. Sikio hakuwahi maishani kuacha mlango. Alikaa siku ya tano, ya kumi, ya ishirini. Robo tatu ikawa nusu, nusu ikawa robo. Kinyozi hakuuliza tena umepata nini. Saa nane mlango ukifunguliwa alimsogezea tu kikombe cha maji.

Na nyumbani Dada anazidi kunawiri. Amepunguza chumvi, daktari kasema. Ameshona gauni la kwenda nalo hospitalini. "Mdogo wangu, umekonda," anamwambia. "Au unaona huruma watanikata? Usiogope. Mfupa wenyewe ulishaondoka, wanakuja kuzika tu."

Wiki ya tano, imebaki nyonga kiasi cha kuweka kuku, ndipo maneno yakaja. Meza zile zina mahali pa kuandikiana, na meza ya juu hawaandiki. Ni kimya kama chumba cha mtihani. Siku hiyo Sikio alipata karata mbili za mfalme, akapandisha dau, wote wakakimbia. Mara mmoja wao, aliyejiandika Jirani Mwema, akaandika.

"Mzee Ufunguo, nikwambie siri?"

Sikio akajibu kwa kidole kimoja: "Sema."

"Ukiwa na karata nzuri unangoja. Sekunde kumi, kumi na moja. Ukiwa huna kitu unabonyeza papo hapo. Tulikujua siku ya tatu."

Akaandika mwingine: "Mimi siku ya pili."

Sikio akaweka simu juu ya meza ya kazi, karibu na jiliwa. Pumzi tatu. Pini ya mwisho ikikaa, unaacha, unashusha pumzi tatu, ndipo unazungusha. Mkono wake ulikuwa unafanya hivyo miaka ishirini bila kumwomba ruhusa. Meza ya chini hakuna aliyeona, maana kule kila mtu anatazama karata zake mwenyewe. Huku juu walikuwa wamekaa wanamtazama yeye. Muda wote ule aliodhani ameinamisha kichwa kuwasikiliza, wao ndio waliokuwa na waya, na kitasa ni yeye.

Hapo bado angeweza kuinuka. Lakini akapata wazo, na wazo la mtu aliyefilisika huwa tamu kuliko asali. Wananijua kwa pumzi? Vizuri. Nitawapa pumzi.

Karata zilizofuata zilikuwa mbili na tisa, takataka tupu. Zikafunuliwa za katikati, hakuna iliyomsaidia. Wengine wakatupa, akabaki yeye na Jirani Mwema. Sikio akafumba macho. Akashusha pumzi moja. Mbili. Tatu. Kisha akasukuma yote iliyobaki, chuma na skrubu.

Jirani Mwema hakungoja hata kope kufunga. Akafuata dau, akaonyesha jozi ya saba. Jozi ya saba tu, karata ya kufutia kioo, lakini ilitosha kuziua mbili na tisa.

"Pole mzee," akaandika. "Ukishamwambia mtu ana doa, mara ya kwanza lazima atageuza shati."

Kumbe anayekuonyesha mlango ulipo huwa amekwisha kusimama ndani. Sikio alikaa na simu iliyokuwa ikimuuliza kama anataka kuongeza fedha. Nje muuza ndoo alikuwa anabishana na mteja kuhusu mfuniko.

Alimweleza Dada kesho yake asubuhi, uani, kwenye kile kiti cha kukunja.

"Dada."

"Nini? Uso wako kama kitasa kilichoingia maji."

"Nusu yangu haipo."

Dada aliendelea kukoroga chai, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. "Imeibiwa?"

"Nimeicheza. Karata."

"Hizo za kwenye simu? Hizo za picha?"

"Hizo hizo."

"Si ulisema ni za kupumzisha macho."

Jirani mmoja alipita na kapu la nguo, akawasalimu, wote wawili wakaitikia vizuri kabisa, kama watu wenye heri. Jirani alipopita, Dada akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Sikio hakuwahi kuisikia kwake:

"Siku ile uliposema ipo. Ilikuwepo?"

"Robo tatu."

"Robo tatu." Alilirudia kama mtu anayeonja kitu. "Ungesema robo tatu, mdogo wangu, chumba ningekiuza. Mama Pacha alikuwa na akiba ya mumewe, alikuwa tayari kununua, aliniuliza bei mara mbili. Robo ingepatikana pale pale. Nilikitoa bure kwa sababu ulisema ipo."

Sikio alikuwa amebeba aibu ya karata usiku kucha, akaandaa maneno yake, na sasa akakuta aibu yenyewe ilikuwa mahali pengine kabisa, katika neno moja la Alhamisi jioni. Angetamani dada amchape. Alipokuwa mdogo alichapwa kwa mwiko hadi mwiko ukaomba msamaha. Dada hakuinua mkono. Alimwaga chai kwenye maua, akauliza, "Hospitali wanafungua saa ngapi?"

Wangeweza kutuma ujumbe. Dada alikataa; alisema nafasi uliichukua kwa miguu yako, unairudisha kwa miguu yako. Hospitali ile ilikuwa na ngazi ishirini na nane hadi kwenye dirisha la majina. Sikio alinyoosha mikono kumshika, Dada akashika chuma cha pembeni. Anapanda ngazi moja, anasimama, anajifanya kutazama bustani. Bustani yenyewe ilikuwa pipa la taka na paka.

Muuguzi wa dirishani alipekua daftari, akamtazama juu ya miwani. "Mama, una hakika? Watu wanaililia nafasi hii."

"Ndiyo maana nimeileta mwenyewe, binti yangu. Mpe anayelia."

"Na mwakani?"

"Mwakani nitafika?"

Muuguzi aliangalia picha ya mifupa iliyokuwa kwenye faili lake, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mfupa ukizidi kulika, chuma hakipati pa kushika," alisema. "Siwezi kukuahidi, mama. Lakini njoo, atakutazama."

Akaita jina lililofuata katika orodha ya akiba. Kwenye benchi akainuka mwanamke na fimbo mbili, na binti yake akapiga kigelegele kwenye korido hadi mlinzi akaja. Mwanamke yule akamshika Dada mikono, akaibusu. "Mungu akupe miguu, dada yangu."

"Amina," alisema Dada Pasi, akitabasamu kwa meno yote. "Ila atangulize yako."

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Katikati ya ngazi alikaa chini, pale pale watu wanapopita, akavua kiatu kimoja, akakivaa tena. Sikio akakaa ngazi moja chini yake.

Wiki iliyofuata Sikio alijaribu kurudi meza ya chini, na vijisenti alivyochonga. Mkia wa Ng'ombe alikuwepo, Mjane Tajiri alikuwepo, walimkaribisha kama ndugu aliyetoka safari. Lakini mchezo ulikuwa umekufa mikononi. Akipata karata nzuri, anakumbuka pumzi, anabonyeza mbio kabla hajafikiri. Akipata mbaya anangoja, hajui anangoja nini. Mjane Tajiri, yule ambaye Sikio alimla kama mkate miaka miwili, sasa ndiye aliyemla Sikio siku tatu mfululizo. Akaifuta ile poka kwenye simu.

Na kama ugonjwa ungebaki simuni, ingekuwa afadhali. Aliitwa kumfungulia mwalimu mmoja aliyefungiwa nje. Kitasa cha kawaida, pini tano, hata mtoto angekifungua. Pini zikakaa zote. Hapo palipokuwa na pumzi tatu pakawa na Jirani Mwema anahesabu: tisa, kumi, kumi na moja. Akazungusha mapema, pini zikaanguka zote. Akajaribu tena, zikaanguka tena. Mara ya sita akaomba nyundo. Kinyozi, aliyekuwa amefuatana naye kwa kuwa siku hizo hakumwacha peke yake, aliusikia mlio ule wa nyundo juu ya kitasa, akatoka nje, akasimama barabarani, akawa anatazama magari.

Jumatatu, Dada aliamka mapema, akavaa lile gauni aliloshonea hospitali, maana gauni halina kosa. "Nisindikize kwa Mama Pacha," alisema. "Nichukulie kapu."

Chumba kilikuwa kile kile, ila Mama Pacha alikuwa amehamisha meza kubwa karibu na mlango na kupaka ukuta rangi ya waridi. Alipowaona aliacha pasi, akaipandisha wima. Alikuwa amesikia, mtaa una masikio mengi kuliko fundi yeyote.

"Dada Pasi. Karibu. Karibu kiti."

"Sijaja kukaa, mwanangu. Nimekuja kuomba kazi."

Mama Pacha akaziba mdomo kwa kiganja. "Dada, chumba hiki ni chako. Chukua. Leo hii chukua, mimi nitarudi kuosha vyombo vya watu."

"Nilikukabidhi mbele ya watu, sitameza mate niliyotema. Una watoto wawili na mume anayenunua dukani mwaka wa nne." Hapo wote wawili wakacheka, kicheko kifupi kilichoishia puani. "Nipe mashati. Mashati naweza nikiwa nimekaa."

"Nikulipe kama nani, dada? Niambie mwenyewe. Mimi siwezi kukupangia."

Dada Pasi aliangalia meza, akapitisha kiganja juu ya kitambaa chake kutafuta mikunjo, hakuiona. "Unanilipa nilivyokuwa nakulipa," alisema. "Siku zile za sikukuu."

Ilikuwa kidogo sana. Mama Pacha alijua, na Dada alijua kuwa anajua. Akavutiwa kigoda kirefu, akakipanda kwa kuanzia na mguu mzima, akauinua ule mwingine kwa mikono miwili kama mtu anayepandisha mzigo wa mtu mwingine, akaupanga. Akanyunyiza maji kwenye shati la kwanza, shati jeupe la mwanamume mkubwa, akaanzia kwenye kola.

Sikio alikuwa bado amesimama mlangoni na kapu. Alitaka kusema kitu, akainamisha kichwa kama kawaida yake, akangoja kije. Mama Pacha akamgeukia, kwa upole.

"Kaka, samahani. Unamzibia mwanga."

Akasogea.